Dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa fizi zilizovimba: tathmini kutoka Mombasa

Dawa ninayoitathmini hapa ni maji ya kusukutulia yenye klorheksidini glukoneti, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 0.2, katika chupa ya mililita 150, niliyoandikiwa na daktari wa meno hapa Mombasa baada ya fizi zangu kuvimba, kuiva wekundu na kutoka damu kila nilipopiga mswaki au kung'ata pera. Nimeona inafaa kuiandikia kwa urefu kwa sababu chupa ya aina hii imo katika nyumba nyingi za mji huu, na mara nyingi imo bila maelezo yoyote: mtu aliandikiwa zamani, ikamsaidia, akaendelea kuinunua mwenyewe, kisha akamwelekeza na jirani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Ni dawa nzuri sana kwa kazi moja na kwa muda mfupi, na hupoteza wema wake mwingi ikitumiwa mwaka mzima au ikishikwa badala ya kusafishwa meno.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa asiyeujua hawezi kuipima dawa yake. Kwenye mpaka wa jino na ufizi hujijenga ukoga, yaani utando laini uliojaa bakteria, na usipoondolewa mwili huanza kuupinga kwa kuleta damu nyingi mahali pale. Ndipo ufizi unapovimba, ukang'aa, na kutoka damu kwa kuguswa kidogo tu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno, na wote walipata uvimbe wa ufizi katika muda wa siku 10 hadi 21. Waliporudi kusafisha, fizi zikarudi katika hali yake ya kwanza. Utafiti huo ni wa zamani, lakini ndio uliobeba habari njema kuliko zote kwa mgonjwa wa hatua hii: ugonjwa huponyeka wote, bila kuacha kovu, mradi ukoga uondoke na usirudi. Ukoga ulioachwa hunyonya madini ya mate na kuganda ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata mtu asugue mpaka ajiumize. Hautoki kwa dawa ya kusukutua pia.

Ndiyo maana daktari aliyenitazama hakuanza na dawa. Alipitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino, huku akimsomea msaidizi wake tarakimu. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha ufizi mzima. Kina cha 4 na kuendelea, pamoja na mfupa uliopungua katika picha ya eksirei, huashiria ugonjwa mkubwa zaidi, ule unaokula mfupa unaolishikilia jino. Mfupa wangu ulikuwa salama. Kisha akanikwangua ugaga wote, juu na chini, mbele na nyuma, kwa chombo kinachotetemeka na kurusha maji, kazi isiyopendeza lakini inayovumilika, na ni baada ya hapo tu alipoandika cheti. "Mwanangu," akaniambia, "kilichoganda nimekiondoa. Dawa hii itazuia kingine kisijijenge katika siku ambazo fizi zinakuuma na huwezi kupiga mswaki vizuri. Haifanyi kazi yangu, wala haifanyi kazi ya mswaki wako." Nilimwitikia, "Naam, daktari," na maneno hayo ndiyo niliyoyatumia kama mizani ya kuipimia dawa hii, kwa kuwa si haki kukilaumu kitu kwa kushindwa kazi ambayo hakikuumbiwa.

Jinsi inavyofanya kazi inastahili kuelezwa, kwa sababu kanuni zake zote za matumizi zinatokana na hilo. Molekuli ya klorheksidini ina chaji chanya, na ukuta wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo viwili hivi hushikana mara vinapokutana. Kiasi kidogo cha dawa hulegeza ngozi ya bakteria hata vilivyomo ndani vikavuja na ukuaji wake ukasimama. Kiasi kikubwa hugandisha vilivyomo ndani na bakteria hufa. Dawa za kuua bakteria ni nyingi, hata hivyo, na nyingi zake huisha nguvu mara tu mtu anapotema. Hii hung'ang'ania. Hujishikiza kwenye meno na kwenye ngozi laini ya kinywa, kisha ikaachiliwa kidogo kidogo kwa muda unaofikia saa 12, na ndiyo sababu mara mbili kwa siku zinatosha. Ilitokana na kazi ya kampuni ya ICI ya Uingereza na ikaingia sokoni katika miaka ya 1950 ikiwa dawa ya kusafishia ngozi na majeraha. Mwaka 1970 Löe, safari hii akiwa na mtafiti mwenzake Schiøtt, alionyesha kwamba kusukutua mililita 10 za asilimia 0.2 mara mbili kwa siku huzuia ukoga usijijenge hata kwa mtu aliyeacha mswaki. Akina mama wengi wa Kenya wameikuta dawa hiyohiyo katika umbo jingine, ile jeli ya asilimia 7.1 inayopakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu za watoto mwaka 2013.

Matumizi niliyoandikiwa yalikuwa mililita 10, asubuhi na usiku, kwa dakika nzima, kisha kutema bila kumeza na bila kusukutua maji baadaye. Kifuniko cha chupa yangu kilikuwa na mstari wa kipimo, na hilo ni jambo dogo linalostahili kusifiwa, kwa kuwa mtu anayekadiria kwa jicho humimina pungufu au kuzidisha. Marekani dawa hii huuzwa kwa cheti cha daktari, kwa kawaida ikiwa ya asilimia 0.12, na kipimo chake ni mililita 15 kwa nusu dakika. Ukipiga hesabu, kipimo hicho kina miligramu 18 za dawa na chetu kina 20, kwa hiyo aliyeletewa chupa na jamaa wa ughaibuni asidhani kaletewa dawa dhaifu. Afuate tu kipimo kilichoandikwa kwenye chupa aliyonayo, asichanganye maelezo ya hii na ya ile.

Kanuni inayovunjwa kuliko zote ni ile ya dawa ya meno. Povu la dawa nyingi za meno hutokana na sodiamu lorili salfeti, ambayo ina chaji hasi kama ukuta wa bakteria, na klorheksidini ikilikuta povu hilo kinywani hushikana nalo na kuishia hapo, isibaki ya kuwakabili bakteria. Anayepiga mswaki kisha akasukutua papo hapo, kama ambavyo akili ya kawaida ingemwelekeza, anatupa fedha zake kwenye sinki. Inatakiwa nusu saa ipite kati ya dawa ya meno na dawa ya kusukutua, au angalau kinywa kisukutuliwe kwa maji mengi mpaka povu liishe kabisa. Utaratibu ulionifaa mimi ulikuwa kupiga mswaki mara niamkapo, kisha kunywa chai, na kusukutua dawa baada ya kifungua kinywa nikiwa tayari kutoka. Usiku nilipiga mswaki baada ya chakula na kusukutua wakati wa kulala. Mpango huo ulitatua jambo la pili pia, kwani baada ya kusukutua hupaswi kula wala kunywa kwa nusu saa au zaidi.

Maelezo haya ya matumizi niliyapata dukani, na hapa niseme neno la shukrani kwa mfamasia wa duka la dawa lililo upande wa Mwembe Tayari, ambaye alikitazama cheti, akaniuliza kama nina mzio wa dawa yoyote na kama nina mjamzito au mtoto mdogo nyumbani, akanionyesha mstari wa kipimo, na kuiandika ile nusu saa kwa kalamu kwenye kibandiko. Nililinganisha huduma hiyo na ya duka jingine la mjini ambako rafiki yangu aliuziwa chupa kama hiyo bila kuulizwa lolote, akaambiwa tu kwamba "ni ya kuondoa harufu." Chupa zilifanana kwa kila kitu. Kilichotofautiana ni dakika tatu za maelezo, na kwa dawa ya namna hii dakika hizo ni nusu ya tiba. Kwa anayechagua duka, cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu huning'inizwa ukutani, na mfamasia aliyesomea kazi yake hachoki kuulizwa.

Kuhusu matokeo, damu ilipungua upesi. Kabla wiki ya kwanza haijaisha mate niliyotema baada ya mswaki yalikuwa meupe, na uvimbe uliokuwa kati ya meno ya mbele ya chini, ambao ndio ulionisumbua zaidi, ulianza kunywea na ufizi ukarudi kwenye waridi yake. Maumivu ya kupiga mswaki yaliondoka, na kuondoka kwake kulikuwa na maana kubwa kwa kuwa niliweza sasa kusugua pale ambapo ukoga ulikuwa ukijificha. Nilisimama mwisho wa muda niliopangiwa, na fizi hazikurudi nyuma.

Lakini sifa yote haiendi kwa chupa, na ningekuwa namdanganya msomaji kama ningeandika hivyo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaozipima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 51 zenye watu 5,345, yalipata ushahidi wa nguvu kwamba klorheksidini ikiongezwa juu ya mswaki hupunguza ukoga kwa kiasi kikubwa. Upande wa uvimbe wa ufizi, kwa watu ambao uvimbe wao ulikuwa mdogo, alama ilishuka kwa wastani wa 0.21 katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 3, na waandishi wakasema kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mgonjwa kuihisi. Kwa wenye uvimbe wa wastani au mkali ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Nayasoma matokeo hayo pamoja na yale niliyoyaona kinywani mwangu, na ninaona yanapatana: kazi kubwa ya kuponya ilifanywa na kule kukwanguliwa pamoja na mswaki, na dawa ilishika lindo katika siku ambazo mswaki haukuweza kufanya kazi yake. Aliye na ufizi uliovimba kidogo tu, na mikono yake haina tatizo la kupiga mswaki na kupitisha uzi wa meno, huenda asiihitaji kabisa. Aliyetoka kupasuliwa kinywani, au aliyefungwa waya kwenye taya, au mzee asiyeweza tena kuushika mswaki sawasawa, huyo ataiona faida yake kubwa.

Sasa madhara, na la kwanza kwa mtu wa Pwani ni ulimi. Klorheksidini hupunguza uwezo wa kuonja, na ladha inayopotea kuliko nyingine ni ya chumvi. Samaki wa kupaka aliyepikwa na mkono ninaoujua miaka yote alinijia akiwa hana chumvi, na nazi ikawa nzito tupu bila kitu cha kuichangamsha. Viazi vya karai vilihitaji ukwaju mwingi ndipo vikasema neno. Mabadiliko haya huondoka yenyewe baada ya dawa kusimamishwa, na hupungua kidogo ukisukutua baada ya chakula badala ya kabla yake. Ushauri wangu kwa mpishi wa nyumba anayetumia dawa hii ni kwamba asiuamini ulimi wake kwenye sufuria. Amwite mtu mwingine aonje mchuzi, hasa kama nyumbani mna mgonjwa wa presha, maana mpishi asiyeisikia chumvi huongeza bila kujua, na watakaodhurika ni walaji.

La pili ni madoa, na hapa mji wetu una hatari ya pekee. Dawa iliyojishikiza kwenye meno hukutana na tanini, yaani vile vitu vya ukakasi vilivyomo katika chai na kahawa, na kutengeneza doa la rangi ya kahawia, ambalo huanzia kwenye mipaka ya fizi, katikati ya meno na juu ya ulimi. Mtu anayekunywa chai ya mkandaa asubuhi, akapata kahawa chungu ya dele pale barazani jioni na tambuu yenye katu baada ya chakula, atayaona madoa hayo upesi kuliko mtu wa mji mwingine yeyote. Doa liko juu ya jino, halikuingia ndani, na daktari wa meno huling'arisha likatoka lote. Ila kwenye kingo za meno yaliyozibwa kwa dawa nyeupe huweza kuganda moja kwa moja, na mwenye meno kama hayo mbele amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Mimi niliipunguza chai ya rangi na kahawa nikaiacha kwa muda wote wa dawa, na hata hivyo ulimi ulibadilika rangi na meno ya chini yakapata kivuli hafifu. Siioni hiyo kuwa sababu ya kuikataa dawa ya muda mfupi. Naiona kuwa sababu nzito ya kutoitumia kwa miezi, zaidi ya hapo kukiwa na jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba matumizi ya muda mrefu huongeza ugaga, kile kile ambacho mgonjwa alilipa fedha kuondolewa.

Shangazi yangu, aliponiona na chupa, aliuliza swali ambalo naamini Waislamu wengi wa hapa watauliza: je, ina pombe ndani? Baadhi zinayo. Toleo maarufu la Marekani lina alkoholi ya asilimia 11.6, na za nchi nyingine hutofautiana. Alkoholi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuua bakteria. Kazi yake ni kuyeyusha viungo vya ladha na kuihifadhi dawa, na zipo chupa zisizo nayo kabisa zenye kiwango kilekile cha klorheksidini. Nilichagua isiyo nayo, na zaidi ya suala la dini niliona inafaa kwa sababu haiwashi fizi zenye vidonda wala haikaushi kinywa. Msomaji asome kibandiko au amwulize mfamasia kwa uwazi, bila kuona haya. Katika Ramadhani utaratibu wa mara mbili unapangika vizuri usiku: mara moja muda kidogo baada ya futari, na mara ya pili baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, huku mchana wote ukipita bila chai wala kahawa ya kuleta doa. Mwenye shaka zaidi ana sheikh wake wa kumwuliza.

Kuna jambo la maji ambalo sikulikuta kwenye kikaratasi cha ndani ya sanduku lakini linatuhusu sana. Nyumba nyingi za kisiwani na za Likoni hutumia maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Klorheksidini haipatani na chumvi ya kloridi wala na salfeti; hushikana nazo na kuganda ikawa vipande visivyoyeyuka vizuri, na nguvu yake ikapungua. Kwa hiyo asiyependa ukali wake na kutaka kuizimua asitumie maji ya bomba la kisima. Ama aitumie kama ilivyo, ama atumie maji matamu ya kunywa, na hata hivyo kwa ruhusa ya daktari. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kusukutua maji ya chumvi na kufuatisha dawa papo hapo, desturi niliyoiona kwa watu wanaotaka kuongeza nguvu. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ni msaada mzuri kwa kinywa kilichochubuka, nami nayaheshimu, lakini yapewe wakati wake mbali na dawa hii.

Mswaki wa mti nao hauna ugomvi na klorheksidini. Ule mswaki unaouzwa nje ya misikiti, wa mti ambao wataalamu huuita Salvadora persica, husugua ukoga vizuri ukitafunwa nyuzi zake mpaka zilainike, na hauna povu la kuiua dawa. Tatizo lake liko kwenye meno ya nyuma upande wa ndani, ambako wengi hawaufikishi, na huko ndiko ugaga ulikokuwa umejaa kwangu.

Upande wa usalama, dawa hii kwa kawaida ni ya amani, lakini kuna watu wasiopaswa kuigusa. Mzio wake ni nadra, na unapotokea huweza kuwa wa kutisha. Mamlaka ya Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017 kuhusu mzio mkali wa klorheksidini. Anayevimba midomo au uso, akatoka vipele au akapumua kwa shida baada ya kusukutua, aende hospitali wakati huohuo asingoje kesho. Ngozi ya ndani ya mashavu ikichunika, au tezi za mate zilizo mbele ya masikio zikivimba, dawa isimamishwe na daktari aambiwe. Watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe bila daktari. Upo pia utafiti wa mwaka 2013 uliofanyiwa watu 19 wenye afya, ambao baada ya wiki moja ya kusukutua dawa ya namna hii presha yao ilipanda kwa kati ya milimita 2 na 3.5 za zebaki, kwa sababu dawa huua hata wale bakteria wa ulimini wanaousaidia mwili kulegeza mishipa ya damu. Ni ongezeko dogo na idadi ya watu ni ndogo, lakini linanitosha kutokuitumia bila sababu.

Kwa wenye presha kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mmoja alijue. Dawa kama amlodipini na nifedipini, ambazo zinamezwa na watu wengi mjini humu, huweza kuufanya ufizi ukue na kufunika sehemu ya jino, na fenitoini ya kifafa hufanya hivyo pia. Uvimbe wa namna hiyo hautaondoka kwa kusukutua peke yake; daktari aliyeandika dawa ya presha na daktari wa meno wanahitaji kuzungumza, na mgonjwa asiache vidonge vyake kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye kisukari naye fizi zake huvimba kwa urahisi, na sukari yake huwa ngumu kudhibitiwa fizi zikiwa mbovu. Wajawazito hupata uvimbe kwa mabadiliko ya homoni. Mvutaji wa sigara ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu moshi hupunguza damu ya ufizi, na ugonjwa huendelea kimyakimya bila ile dalili ya damu iliyonipeleka mimi kwa daktari. Meno yakianza kucheza, yakaachana, au ufizi ukashuka na usaha ukatoka, hilo limeshapita eneo la chupa hii; dawa ya kusukutua haifiki ndani ya mfuko wa ufizi ulioingia chini, hata mtu asukutue mchana kutwa.

Kuhusu bei, chupa iligharimu shilingi mia kadhaa, na kusafishwa meno kuligharimu mara kadhaa ya hiyo. Naelewa kwa nini mtu mwenye kipato kidogo hununua chupa na kuiahirisha safari ya kwa daktari, na simlaumu, lakini hesabu yake haimfai: chupa baada ya chupa juu ya ugaga ambao haukuondolewa zitakula fedha za kusafishwa na ufizi utaendelea kutoka damu. Mwenye uwezo wa kulipia kimoja tu alipie kusafishwa, apige mswaki mara mbili kwa siku, na dawa aiache.

Yabaki mawili ya nyumbani. Joto la Mombasa si rafiki wa dawa, kwa hiyo chupa ikae kabatini mbali na jua la dirishani na mbali na mikono ya watoto, na itakayobaki baada ya tiba isiwekwe kwa ajili ya mgonjwa mwingine. La pili linahusu kanzu na nguo nyeupe zote: dawa ikidondoka kwenye kitambaa, isafishwe kwa sabuni na maji tu, kwa sababu ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hugeuka doa la kahawia lisilotoka tena. Mimi nilisukutua nikiwa na taulo la rangi iliyoiva begani, na nilipomaliza tiba nilirudi kwa daktari aning'arishe kile kivuli kwenye meno ya chini, naye akakipima tena kina cha fizi kwa kile kijiti chake na kuniandikia tarehe ya kusafishwa baada ya miezi 6, bila dawa.